Kura Yangu na Kodi Yangu

Mimi ni mkulima. Ninalima pamba na mtama, na nina mbuzi wachache. Nilijifunza kusoma mwaka 1974 katika darasa la kisomo. Darasa letu lilikuwa chini ya mwembe, nasi tulikutana jioni baada ya kazi za shamba. Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 19. Mwaka uliofuata, 1975, nilipiga kura kwa mara ya kwanza. Wagombea ubunge walikuwa wawili. Mmoja alikuwa na alama ya jembe, na mwingine alama ya nyumba. Alama hizo ziliwekwa ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Mimi niliyasoma majina yao, nikafurahi sana.

Tangu siku ile nimepiga kura mara nyingi. Na mara nyingi nimesikia watu wakisema, "Serikali inakula fedha zetu." Nataka kuzungumza nawe, msomaji, juu ya maneno hayo. Fedha za serikali hutoka wapi? Nani huamua zitumiwe vipi? Zikitumiwa vibaya, nani alaumiwe?

1. Kodi bila kura

Baba yangu alikuwa na kopo la bati. Ndani ya kopo hilo aliweka stakabadhi zake za kodi. Kila mwaka alilipa, akaifunga stakabadhi katika kitambaa, akaitia koponi. Aliilinda kama fedha yenyewe, maana aliyekutwa njiani bila stakabadhi aliweza kukamatwa.

Kodi ya namna hiyo ilianza zamani. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika nchi yetu. Waingereza walipokuja, nao waliendelea kutoza. Ili kupata fedha za kodi, watu wengine walilima pamba au kahawa. Wengine waliacha wake na watoto wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Hakuna aliyewauliza watu hao fedha zao zitumiwe kwa kazi gani.

Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika ulifanyika mwaka 1958 na 1959. Lakini haikutosha kuwa mtu mzima. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe na cheo. Baba yangu hakuwa na lolote kati ya hayo matatu. Kwa hiyo alilipa kodi, lakini hakupiga kura. Fedha zake zilihesabiwa, yeye mwenyewe hakuhesabiwa.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, haki ya kupiga kura ikawa ya kila mtu mzima, tajiri kwa maskini, msomi na asiye msomi. Ninapomkumbuka baba na kopo lake, naona kuwa kura na kodi ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Kodi ni fedha unayotoa. Kura ni sauti yako juu ya fedha hiyo. Mtu mwenye kodi bila sauti ni mtumwa. Na mwenye sauti asiyeitumia, hali yake haipishani sana na ya huyo.

2. "Mimi silipi kodi"

Hapa kijijini watu wengine husema, "Mambo ya kodi ni ya watu wa mjini. Sisi wakulima hatulipi." Wana sababu ya kusema hivyo. Kodi ya maendeleo, iliyokuwa ikitozwa kila mtu mzima, ilifutwa mwaka 2003. Tangu hapo mgambo hawaji tena kugonga mlango alfajiri na kudai stakabadhi.

Lakini tufikiri pamoja. Jana ulinunua nini dukani? Labda ulinunua sabuni, sukari, au vocha ya simu. Katika bei ya kila kimoja imo kodi. Kwa mfano, kodi ya ongezeko la thamani ilianza kutozwa Tanzania mwaka 1998. Kwanza ilikuwa shilingi 20 kwa kila shilingi 100. Mwaka 2009 ilipunguzwa, ikawa shilingi 18 kwa kila shilingi 100. Kwa kiwango hicho, bidhaa ambayo bei yake kabla ya kodi ni shilingi 1,000 huuzwa kwa shilingi 1,180. Shilingi 180 ni kodi. Mwenye duka dogo hakuambii, na pengine yeye mwenyewe hajui. Kodi ilikwisha kutiwa katika bei huko kiwandani na kwa muuzaji wa jumla. Lakini mwisho wa safari, anayeilipa ni wewe unayefua kwa sabuni ile.

Tena kuna ushuru wa mazao. Kwa sheria, ushuru huo hulipwa na mnunuzi. Lakini mnunuzi akijua kuwa atalipa ushuru, naye huteremsha bei anayompa mkulima. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa. Zamani ulifika shilingi 5 kwa kila shilingi 100. Baada ya hapo ukawa shilingi 3 kwa mazao ya biashara na shilingi 2 kwa mazao ya chakula.

Basi mama anayenunua kipande cha sabuni ni mlipa kodi. Mtoto anayetumwa kununua sukari amebeba kodi mkononi. Kwa hiyo serikali inapojenga zahanati, haitupi zawadi. Inaturudishia kilicho chetu. Na mtu anapoiba saruji ya zahanati, ameiba sabuni yetu na sukari yetu.

3. Habari ya pampu

Sasa nitakueleza jambo lililotokea kijijini kwetu mwaka 2012. Sitataja jina la kijiji wala la mtu yeyote.

Tulikuwa na kisima chenye pampu ya mkono. Kila kaya ilitoa shilingi 500 kwa mwezi kwa ajili ya matengenezo. Fedha ziliwekwa katika mfuko wa kijiji, na mimi nilizitunza stakabadhi zangu zote, kama baba alivyofanya. Siku moja pampu ikaharibika. Tuliambiwa tusubiri vipuri. Tukasubiri mwezi wa kwanza, wa pili, hata wa nne. Wanawake tulirudi kuchota maji katika madimbwi ya mtoni, tukichangia na ng'ombe. Watoto wengi waliharisha. Mtoto wa jirani yangu alilazwa siku sita, na mama yake alifikiri hatarudi naye nyumbani.

Katika mkutano mkuu wa kijiji nilisimama. Nikasema, "Ndugu mwenyekiti, naomba kusomewa mapato na matumizi ya mfuko wa maji." Watu wakanyamaza. Mwenyekiti alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu. Akanitazama, akasema, "Shemeji, jambo hili si tungeongea nyumbani?" Nikajibu, "Shemeji, nyumbani kwangu unakaribishwa wakati wowote. Lakini fedha hizi hazikutolewa nyumbani kwangu. Zilitolewa na watu hawa wote."

Haikuwa rahisi. Katika kijiji, unayemwuliza hesabu leo ndiye utakayemhitaji kesho kwenye msiba. Baada ya mkutano ule ndugu wengine wa mume wangu hawakunisalimu kwa muda mrefu. Wengine walisema nimetumwa na watu wanaotaka uongozi. Lakini mtoto wa jirani alikuwa bado amekonda, na mimi nilimwona kila asubuhi.

Daftari likaletwa. Likasomwa mbele ya watu wote. Kumbe sehemu kubwa ya fedha haikuingia mfukoni mwa mwenyekiti. Ilitumika siku alipokuja mgeni, kiongozi mkubwa. Walinunuliwa mbuzi, mchele, mafuta na soda. Ilikodiwa na ngoma. Kila mtu mkutanoni aliikumbuka siku ile. Tulikuwa tumekula na kucheza. Wengi walimsifu mwenyekiti kuwa ni mkarimu, anajua kumpokea mgeni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mchele umetoka wapi.

Mzee mmoja akasimama, akasema polepole, "Jamani, tumekunywa maji yetu wenyewe katika sahani ya pilau." Watu hawakucheka.

Mwenyekiti alikosea. Fedha za maji ni za maji, na hakuwa na ruhusa ya kuzitumia kwa jambo lingine. Ilikuwa haki kumlaumu. Lakini swali la mzee yule lilibaki. Mwenyekiti alijua tunapenda nini. Kama angetunza fedha kwa ajili ya vipuri, nani angemsifu? Vipuri vilivyo kabatini havionekani. Pilau huonekana. Viongozi wengi hutumia fedha katika mambo yanayoshangiliwa na watu. Kwa hiyo makofi yetu pia ni namna ya kupiga kura.

Mkutano ukaamua fedha zilizobaki zinunue vipuri, na mwenyekiti na halmashauri yake walipe pengo kidogo kidogo. Pampu ikapona baada ya wiki tatu.

4. Kanga moja kwa miaka mitano

Mwaka 2014 ulikuja uchaguzi wa serikali za mitaa. Usiku, kabla ya siku ya kura, watu walipita nyumba hadi nyumba wakigawa chumvi na kanga. Jirani mmoja akaniambia, "Mimi nachukua tu. Wao wamekula vya kutosha, acha nami nile."

Nikamwomba tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu tulijifunza pamoja kisomoni. Doti ya kanga tuliithaminisha kwa shilingi 8,000. Kiongozi wa kijiji hukaa madarakani miaka mitano. Kila mwaka una siku 365, kwa hiyo miaka mitano ina siku 1,825. Tukagawa shilingi 8,000 kwa siku 1,825. Jibu halikufika hata shilingi 5 kwa siku. Nikamwuliza, "Dada yangu, ungekubali kumkodisha mtu kisima, zahanati na shule ya wanao kwa shilingi 5 kwa siku?" Alinyamaza. Sijui alimpigia nani kura, na si haki yangu kujua. Kura ni siri.

Nchi yetu imelifikiria sana jambo hili. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa, ikaruhusu wagombea kutoa kilichoitwa takrima. Wengine walisema hiyo ni mila ya kumkirimu mgeni. Lakini katika mila zetu mwenyeji ndiye humkirimu mgeni, tena hadai kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu vya takrima vinapingana na Katiba. Mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayokataza kuwashawishi wapiga kura kwa zawadi na fedha. Tena ukumbuke kuwa katika rushwa sheria humshika mtoaji na mpokeaji pia.

Mtu anayenunua kura hufanya biashara. Mfanyabiashara hutaka mtaji wake urudi, tena na faida. Fedha hizo zitarudi kutoka wapi kama si katika mfuko wa kijiji au wa halmashauri?

5. Watu wakijua, mambo hubadilika

Huenda ukasema, "Mambo haya ni makubwa. Mimi mtu mmoja nitafanya nini?" Nitakupa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa jirani zetu Uganda. Serikali ya huko ilikuwa ikitoa fedha kwa ajili ya mahitaji ya shule za msingi. Wachunguzi walifuatilia fedha hizo za miaka ya 1991 hadi 1995. Waliona kuwa katika kila shilingi 100 zilizotolewa, kwa wastani ni shilingi 13 tu zilizofika shuleni. Nyingine zilipotelea njiani. Ndipo serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi cha fedha kinachopelekwa katika kila wilaya. Shule nazo zikatakiwa kubandika matangazo ili wazazi waone. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zinafika. Tena shule zilizokuwa karibu na mahali magazeti yanapouzwa zilifaidika zaidi. Kusoma kwa watu kulileta fedha shuleni.

Mfano wa pili ni wa hapa Tanzania. Julai 2021 serikali ilianza kutoza tozo mpya kwa watu wanaotuma na kutoa fedha kwa simu. Watu wa mjini na wa vijijini wakalalamika kuwa ni nzito. Kabla ya miezi mitatu kupita, tozo hiyo ilipunguzwa kwa shilingi 30 katika kila shilingi 100. Haikufutwa yote wakati huo, lakini watu walisema na wakasikilizwa. Nami naongeza jambo moja. Serikali ilieleza kuwa fedha hizo ni za kujenga vituo vya afya na madarasa. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Tozo ipungue." Lazima pia tuseme, "Kituo cha afya kijengwe kwa njia gani?" Mtu anayetaka huduma zote na hataki kulipa chochote ni kama anayetaka uji bila kusaga unga.

6. Wajibu wetu, na mpaka wake

Sipendi kumtwisha mpiga kura mizigo yote. Mwizi ni mwizi, hata kama mwenye nyumba alisahau kufunga mlango. Na ziko kazi ambazo si zetu. Kukagua hesabu za nchi ni kazi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na taarifa zake hupelekwa Bungeni. Kutunga sheria za kodi ni kazi ya Bunge. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 138, inasema kuwa kodi haitozwi ila kwa sheria. Kila mwaka mwezi Juni wabunge hujadili bajeti Dodoma, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Lakini wabunge wale hawakujituma wenyewe. Sisi ndio tuliowatuma. Mtu akimtuma mtoto dukani, humwuliza chenji.

Kazi yetu wenyewe iko hapa kijijini. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inampa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo pa kuuliza. Ukitoa mchango, dai stakabadhi. Mapato na matumizi yakibandikwa kwenye ubao wa matangazo, yasome, na umsomee asiyejua. Yasipobandikwa, uliza kwa adabu. Usipojibiwa, uliza tena. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kuwa hata daftari bila msomaji halisaidii.

Katika uchaguzi ule wa 2014 tulipata mwenyekiti mpya. Katika mikutano miwili ya kwanza alisoma hesabu yote, mpaka bei ya misumari. Watu walijaa. Katika mkutano wa tatu walikuja nusu. Wa nne ulipofika, tulikuwa wachache tu chini ya mti. Naye akaacha kusoma. Alisema, "Nimsomee nani?" Ilibidi tupite tena nyumba hadi nyumba, safari hii bila chumvi wala kanga, kuwaomba watu waje kusikiliza habari za fedha zao. Walipokuja, daftari likafunguliwa tena.

Mwenyekiti yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu, kama mimi na wewe. Shamba lililopaliliwa mara moja huota magugu tena, na mwenye shamba halaumu magugu. Huchukua jembe. Mkutano wetu unaofuata utafanyika Jumamosi saa tatu asubuhi. Nimewaambia jirani zangu watatu, na kila mmoja ameahidi kumwambia mwingine.

Maswali ya kujadili darasani

1. Taja vitu vitano ulivyonunua wiki hii. Je, ndani ya bei yake imo kodi?
2. Mkutano mkuu wa kijiji chenu ulifanyika lini mara ya mwisho? Je, mapato na matumizi yalisomwa?
3. Mzee alisema, "Tumekunywa maji yetu wenyewe katika sahani ya pilau." Alikuwa na maana gani? Je, unakubaliana naye?
4. Kama ungekuwa wewe, ungemwuliza shemeji yako nyumbani au mkutanoni? Eleza sababu zako.